Maulidi ya Kondoa

Mhadhiri wetu pale Dodoma alijua kufundisha. Alitutoa Makka hadi Baghdad, akatushusha Kilwa ya mwaka 1331 pamoja na msafiri Ibn Battuta, akatueleza wanazuoni walivyopokezana elimu: fulani kasikia kwa fulani, naye kwa fulani. Mimi, Mgogo wa Mpwapwa, mtoto wa kanisani, niliandika yote ili nifaulu mtihani.

Ulipoingia mfungo sita, mwezi wa Maulidi, mwenzangu wa chumbani akanichukua kwao Kondoa. Nilikwenda na daftari, maana kazi ya muhula ilikuwa shingoni. Wanawake tuliketi mikekani nyuma ya pazia, nami nimejitanda mtandio wa kuazima. Udi ukafukizwa, marashi yakanyunyizwa, Barzanji, kile kisomo cha Maulidi, ikaanza. Nilidhani tutasikiliza tu. Kumbe wanaume wakisoma, huku ndani wanaitikia kwa sauti, na bibi yake mwenzangu, Mrangi wa pale pale, midomo yake ilimtangulia msomaji. Kiarabu kitupu, hana kitabu.

Kisomo kilipofika kwenye kuzaliwa kwa Mtume, wote wakasimama. Nikabaki chini na kalamu yangu. Bibi akanishika mkono.

"Inuka, mjukuu wangu. Utaandika baadaye."

Baada ya pilau (daftari langu lina doa la mchuzi wake hadi leo) nikaona na mimi nionyeshe nilichosoma. Nikamwambia bibi kuwa mtunzi, Jaafar al-Barzanji, alikuwa mufti wa Madina katika karne ya 18. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Inawezekana. Mimi nilisomeshwa na mke wa mwalimu wetu wa chuoni. Yeye alisomeshwa na baba yake. Baba yake alipokea kwa shehe mmoja aliyekuja na misafara, akaoa hapa, akazikwa hapa."

Nikamwomba arudie polepole. Kufukizwa udi, kusimama, pilau, vyote nilivipa mistari michache. Hao wanne nikawapa kurasa nzima.

Kazi ilirudi na wino mwekundu pembeni ya jina la bibi: "Ukurasa wa ngapi?" Nikaenda ofisini kujieleza. Mhadhiri akasoma upya, akavua miwani, akauliza huyo shehe alitokea wapi. Sikujua. Nikampigia mwenzangu, naye akamuuliza bibi. Jibu likaja jioni ile ile: huyo mwalimu wenu ana miguu, mfungo sita mwakani aje aulize mwenyewe, na asije ameshiba.