Siku Twiga Stars walipokata tiketi ya Morocco

Jamani ile Desemba 2023 mi siisahau. Timu yetu ya taifa ya soka la wanawake, Twiga Stars, ilishawapiga Togo 3-0 pale uwanja wa Chamazi, Dar, watu mtaani wakasema imeisha hiyo, kumbe bado, marudiano kule Lomé wakatufunga la kwanza, wakaongeza la pili, na hapo mi nipo saluni nimesukwa nusu kichwa, dada msusi kaacha kabisa kusuka, kashika rasta mkononi macho kwenye simu yangu, hamna anayeongea. Likiingia moja tu tena ni matuta, yaani penalti, na matuta tulishayapitia raundi ya kwanza na Ivory Coast, wakatufunga 2-0 kwao, tukawafunga 2-0 kwetu, roho ilikuwa mkononi aisee.

Filimbi ikapulizwa. Jumla 3-2, tumefuzu WAFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika kwa wanawake, mara ya kwanza tangu 2010!! Msusi analia, mi nalia. Nikampigia mdogo wangu wa kike, anacheza mpira shule na bukta ya kaka yake, nikamwambia dada zako wanaenda Morocco, akapiga kelele mpaka simu ikakatika. Kocha Shime na mabinti wale nawaheshimu mno, yaani mno.