Nilivyochagua mkeka wa mbao wa kudumu kwa nyumba ya watoto watatu na shosho

Nyumba yetu iko Kitengela, juu ya ule udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, na sakafu ilikuwa simiti ya redi oksaidi, ile nyekundu ya kupigwa polishi kila wikendi. Nyufa hapa na pale, soksi za shule zote zimegeuka rangi, na baridi ya Juni na Julai wacha tu. Bwanangu alitaka tailizi. Mimi nikasema hapana, tunaishi na mama yake, shosho wa watoto, ambaye anatembea na fimbo na tailizi ikimwagikiwa maji ni balaa, halafu huyu wetu mdogo ndio alikuwa anaanza kutambaa na kila akianguka unasikia kichwa ko! hadi unashika moyo. Tukakubaliana vinili, ile sakafu ya plastiki yenye picha ya mbao, mkeka wa mbao kama wengi wanavyouita. Sharti lake lilikuwa moja tu, ikae, sio ya kubadilisha kila Krismasi.

Sasa ukiingia haya maduka ya Nairobi swali la kwanza unaloulizwa ni unene. Unataka ya milimita ngapi, kuna pointi nne, kuna moja pointi mbili, kuna mbili, na ukisema una watoto unapelekwa moja kwa moja kwa ile ya mbili, "chukua hii madam, hii ni hevi diuti". Bei nayo inafuata unene, ya chini kabisa nilikuwa naipata chini ya mia tatu kwa mita mraba na ya milimita 2 ilikuwa inapita elfu moja, kwa hivyo mtu anadhani unene ndio ubora. Sio hivyo kabisa. Mkeka wa picha ya mbao una matabaka, chini kuna mgongo, yaweza kuwa spanji au PVC (plastiki yenyewe ya vinili) iliyoshikana, juu yake kuna ile picha yenyewe ya mbao iliyochapishwa, na juu kabisa kuna tabaka angavu lisilo na rangi. Hilo la juu ndio mnakanyaga. Ni kama ile protekta ya kioo cha simu, ikiisha kazi inayofuata kukwaruzwa ni picha, na picha ikifutika hakuna polishi ya kuirudisha. Kwa hivyo unaweza nunua ya milimita 2 yenye spanji nene na tabaka la juu jembamba kama karatasi, ikachakaa kabla ya ile ya milimita moja na nusu yenye tabaka la juu zuri.

Nikaanza kuuliza kila duka hilo tabaka la juu ni unene gani. Wauzaji wengi waliniangalia tu. Wawili watatu walitoa karatasi ya kiwanda na hapo ndio ukweli unakaa, kwa nyumba yenye watu wengi nilikuwa natafuta kuanzia milimita 0.3, na pale pa kupita sana 0.5. Angalia hapo vizuri kwa sababu bidhaa zinazofuata vipimo vya Marekani zinaandikwa mil, ambayo ni sehemu ya elfu ya inchi, kwa hivyo 12 mil ni kama milimita 0.3 na 20 mil ni 0.5. Kuna kijana aliniapia kwamba ile 20 iliyoandikwa kwa boksi ni unene wa mbao yote. Kwenye karatasi hiyo hiyo mara nyingi kuna namba ya daraja la matumizi, 21, 22 na 23 ni za nyumbani, 23 ikiwa ya matumizi mazito, halafu 31 hadi 34 ni za maofisi na maduka. Chini ya 23 sikutaka kusikia.

Karatasi ni karatasi lakini, kwa hivyo niliomba vipande. Wengine wakakataa, wengine wakanikatia kimoja cha saizi ya daftari. Cha kwanza nilichofanya na kila kipande ni kukikunja kabisa, picha ikiangalia nje, na kubonyeza pale kwenye mkunjo. Mkeka uliojazwa chokaa nyingi kuliko PVC unatoa mstari mweupe hapo, na mmoja ulikatika kabisa mkononi kama biskuti, nikautupa. Vilivyobaki nikavibandika na selotepu ya pande mbili kwenye mlango wa nyuma, pale kila mtu anapita akienda kuanika nguo, na sikuambia mtu. Mchanga ndio unaua vinili, sio miguu. Punje za mchanga zikikaa chini ya soli ya kiatu ni msasa, na huku kwetu barabara ni vumbi tupu, kwa hivyo pale mlangoni ndio mtihani wenyewe. Jioni nilikuwa namwagia vitu. Mafuta ya kupikia na manjano, kiwi ya viatu, rangi ya nywele ya shosho, naacha hadi asubuhi. Manjano yalitoka karibu yote na sabuni, kiwi ilitaka kusuguliwa, lakini rangi ya nywele iliacha alama kwa vipande vyote bila ubaguzi, tangu hapo shosho anapakwa nywele nje kwenye veranda na hakuna mjadala.

Kilichoniamulia hasa ni kiti. Nilichukua kiti cha plastiki nikaweka mguu mmoja juu ya kila kipande, bwanangu akakaa na gazeti lake. Ile ya spanji, ambayo kusema kweli ndio tamu zaidi kukanyaga na ndio duka zima lilikuwa linaisifia, ilibonyea na asubuhi shimo bado liko. Ile ya mgongo ulioshikana haikuonyesha kitu. Fikiria sasa kochi la watu watatu na kabati la vyombo.

Kulikuwa pia na zile mbao za kliki za kuingizana meno, SPC, unga wa chokaa na PVC vimeshindiliwa pamoja zikawa ngumu, mara nyingi milimita 4 hadi 6, hazibonyei, hazinywi maji, na zinaelea juu ya sakafu bila gundi kwa hivyo ufa mdogo wa simiti hauzisumbui. Nilizipenda. Lakini zilikuwa zinapita elfu mbili kwa mita mraba bila fundi, na sebule yetu ina bonde katikati, ukiweka ubao mrefu ulionyooka kutoka ukuta hadi ukuta unapitisha kidole chini yake. Mkeka wa kubandikwa unafuata bonde la taratibu kama hilo bila shida, SPC ingekuwa inadunda kila ukipita hadi ile meno ya kliki ivunjike. Kunyoosha sebule yote ilikuwa pesa nyingine kabisa. Kwa hivyo sebule na korido tukaamua ya kubandikwa ya milimita 2, mgongo ulioshikana, tabaka la juu 0.5, na vyumba vya kulala ya milimita 1.2 kwa sababu huko watu wanaingia pekupeku.

Harufu pia niliiangalia, maana mtoto anatambaa, analamba, anafanya yote. PVC ili ilainike inatiwa vilainishi, na baadhi yake ni hizi kemikali zinaitwa thaleti ambazo Umoja wa Ulaya tangu Julai 2020 umebana nne kati yake, zisipite asilimia 0.1 ya uzito wa plastiki. Nikawa nauliza kama karatasi ya kiwanda inasema haina thaleti. Na mkeka ambao ukifunguliwa dukani macho yanawasha, mimi natoka tu, hata uwe wa bei ya bure.

Fundi alipokuja alitaka kubandika siku hiyo hiyo. Nikamwambia ngoja kwanza tuone kama chini kuna unyevu. Unakata nailoni nzito, kama nusu mita kwa nusu mita, unaibandika chini pande zote nne na tepu hewa isiingie, unaacha angalau saa 16. Akanicheka kidogo, "mama, hii simiti ni ya miaka, imekauka kitambo." Sebuleni ilikuwa kavu kweli. Koridoni karibu na ukuta wa nje tukakuta nailoni ina matone kwa ndani na simiti imekuwa nyeusi. Hapo akanyamaza. Tukatoka nje kuangalia, kumbe udongo wa bustani ulikuwa umepanda juu kuliko sakafu ya ndani na sukuma wiki zinamwagiwa maji kila jioni zikiegemea ukuta. Sukuma zikahama, tukachimba mtaro kando ya msingi tukajaza kokoto, tukaiacha korido hadi nailoni ikatoka kavu. Ningebandika vile vile gundi ingekuwa uji na mkeka ungefura hewa, halafu watu wangesema vinili ni mbaya.

Polishi ya miaka yote nayo ilibidi itoke, gundi haishiki juu ya nta. Tulisugua na sabuni kali na msasa hadi maji yakimwagwa yanasambaa badala ya kujikusanya vitone, hiyo ndio dalili. Nyufa tukazipanua kidogo na patasi tukaziba, juu tukapiga skimu nyembamba tukailainisha. Vinili haifichi kitu jamani, punje moja ya mchanga ikibaki chini utaiona juu kama chunusi. Sehemu tulizojaza simiti nene tulizipa muda, hesabu ya mafundi ni kama mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene.

Mpangilio wa mapande nilisimamia mwenyewe. Roli ilikuwa ya upana wa mita 2 na sebule haifiki mita 4, kwa hivyo mapande mawili na kiungo kimoja. Fundi alitaka kianze mlangoni kwa sababu ni rahisi kwake, nikakataa, kiungo kikapita katikati chini ya meza na kochi, sio pale watu wanapinda kuingia jikoni. Mkeka ulitandazwa ndani ukalala usiku mmoja ujinyooshe ndio ukakatwa. Gundi nilinunua ya maji, ile nyeupe ya kupakwa na mwiko wenye meno, badala ya ile ya harufu kali ambayo mafundi wanapenda kwa sababu inashika haraka. Baada ya kubandika lazima mkeka ukandamizwe na kitu kizito hewa itoke, wenye vifaa wana rola ya kilo karibu 50, fundi wetu hakuwa nayo kwa hivyo alijaza mchanga debe la rangi la lita 20, akafunga kifuniko, akalivika blanketi na kulibiringisha kutoka katikati kwenda kando, watoto wakimshangilia kama harusi. Kiungo kilichomelewa kwa joto na uzi wa PVC, na hapo maji hayapiti.

Sasa kuitunza sio kazi. Kufagia kila siku, sababu ni mchanga tena, halafu mopu iliyokamuliwa. Stilwaya ni marufuku. Viti vyote vimevishwa soksi za felti. Mkeka wa mlangoni wa mgongo wa mpira nilitoa nikaweka wa nyuzi, kwa jirani yangu niliona pale ulipokaa ule wa mpira pamebaki mraba wa njano kwenye vinili mpya, na hiyo njano haioshwi kwa sababu kemikali ya mpira inaingia ndani ya plastiki yenyewe.

Jikoni hatukuweka. Githeri na kichwa cha mbuzi tunapikia jiko la makaa, na kaa moja likianguka juu ya vinili ni sekunde tu. Veranda pia hapana, jua la huku litaipausha.

Mabaki niliyaweka juu ya kabati, yamekunjwa roli, picha ikiwa nje, na tayari yametumika. Pasi iliangushwa sebuleni ikachoma alama ya pembetatu. Fundi akalaza kipande kipya juu ya pale palipoungua, akasogeza hadi mistari ya mbao ikaoana, akakata vyote viwili kwa pamoja na wembe mpya, akatoa kibaya akapaka gundi akaingiza kizuri, akatoza mia tano na chai. Shosho bado anapatafuta.