Bembeya Jazz usiku wa Jumapili

Kesho kazini mapema, lakini nimekaa hapa nasikiliza Bembeya Jazz, bendi ya Guinea, Afrika Magharibi. Nimeweka ule wimbo mrefu wa kumsifu Samory Touré, "Regard sur le passé", unaochukua pande zote mbili za santuri. Samory alipigana na Wafaransa mpaka wakamkamata mwaka 1898 na kumpeleka Gabon, akafia huko. Msimulizi anaongea Kifaransa, waimbaji wanaingia kwa lugha ya kwao, halafu linakuja gitaa la Sékou Diabaté. Huyu ni mtoto wa majeli, ukoo wa waimba sifa na wanahistoria wa Wamaninka, na gitaa analigeuza balafoni, ile marimba yao: sauti kavu, za haraka, zinarukiana, moja haijakatika nyingine imeshaingia. Kipande kimoja nimekirudia mara sijui ngapi.

Bendi ilianza Beyla, mbali na Conakry, mwaka 1961. Bembeya ni mto wa huko. Mwaka 1966 ikafanywa bendi ya taifa. Serikali ilitaka bendi ziachane na muziki wa Ulaya, zichimbe ngoma za kwao. Cha kuchekesha, muziki wa Kuba haukufukuzwa, rumba imejaa tele! Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi hatushangai sana. Hata NUTA Jazz yetu ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki walikula mshahara.

Ila kuna jambo linanikera. Rais wa Guinea wakati huo, Sékou Touré, alijinasibu kuwa wa uzao wa Samory, kwa hiyo kumsifu babu ilikuwa kumsifu yeye. Na utawala huohuo uliolea bendi ndio uliomuua Fodéba Keïta, mwanzilishi wa kikundi cha ngoma cha Les Ballets Africains, katika gereza la Camp Boiro mwaka 1969. Nikilikumbuka hilo, masimulizi yote yananuka hotuba za chama. Gitaa likirudi nasahau kila kitu, na hapo ndipo ninapojishangaa.

Demba Camara, mwimbaji wao mkuu, alifariki mwaka 1973 baada ya ajali ya gari Dakar. Wengine wakaendelea, na mwaka 2002 wakatoa albamu mpya wakiwa watu wazima kabisa. Nzuri, lakini mimi na santuri za zamani ndio tunaelewana.

Kama hujawahi kuwasikia, usianze na huu wa Samory. Anza na nyimbo fupi za Demba, ucheze kwanza.