Nilivyofundisha habari za Mfalme Hezekia kwa kuanzia mwaka mmoja

Katika darasa la Biblia ninaloliongoza usharikani, vitabu vya Wafalme vilikuwa vikiwachosha watu mapema, kwa sababu majina ya wafalme wa Yuda na wa Israeli hufuatana kwa wingi na msomaji hana pa kuyashikiza. Niliamua kuanzia mwaka mmoja tu, 701 K.K., ambapo Senakeribu, mfalme wa Ashuru, aliivamia Yuda wakati wa Hezekia, kwa kuwa pande zote mbili zimeacha maandishi juu ya tukio hilo.

Tulisoma kwanza 2 Wafalme 18, tukakaa sana kwenye aya ya 14 hadi ya 16, ambapo Hezekia anatozwa talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu, hata akalazimika kubandua dhahabu ya milango ya hekalu. Kisha nikawasomea maelezo ya Senakeribu mwenyewe, yaliyochorwa kwenye mche, yaani nguzo fupi ya udongo yenye pande sita, uliopatikana Ninawi, mji mkuu wake, mwaka 1830. Anajisifu kwamba aliteka miji 46 yenye ngome, kwamba alimfungia Hezekia Yerusalemu kama ndege tunduni, na kwamba alipokea talanta 30 za dhahabu, kiasi kile kile, ila fedha anaitaja kuwa talanta 800. Darasa lilibishana kwa muda mrefu juu ya fedha hiyo. Mimi kilichonishika zaidi ni kwamba mfalme huyu, anayehesabu kila alichokipata, hasemi popote kwamba aliingia Yerusalemu.

Mji aliouonea fahari ni Lakishi, mji wa Yuda wenye ngome. Nilichapisha kwa ukubwa picha za michongo iliyopamba jumba lake la Ninawi, ambayo sasa imehifadhiwa London, nikazipitisha mkono kwa mkono. Askari wa Ashuru wanapanda boma la kuzingira na mitambo yao ya kubomolea kuta, walinzi wa mji wanarusha mienge kutoka juu, na mmoja wa washambuliaji anamwagia mtambo maji kwa upawa mrefu ili usiungue. Pembeni familia zinatoka mjini na mizigo yao juu ya mikokoteni ya ng'ombe. Mama mmoja aliitazama picha hiyo ya mwisho kwa muda, akaomba tuisome tena sura yote, na safari hii watu walisikiliza vitisho vya amiri wa Ashuru mbele ya ukuta wa Yerusalemu wakijua ni nini kilichokwisha kuupata mji jirani.

Mfereji wa Gihoni, ambao Hezekia aliuchimbisha chini ya ardhi ili kuleta maji Yerusalemu, na unaotajwa katika 2 Wafalme 20:20 na 2 Nyakati 32:30, niliueleza kwa ufupi: urefu wake ni takriban mita 533, na maandishi yaliyogunduliwa ndani yake mwaka 1880 yanasimulia jinsi wachimbaji walioanzia ncha mbili walivyosikia sauti za wenzao ndani ya mwamba kabla ya kukutana.

Sasa tumehamia Yeremia 34:7, inapotajwa tena Lakishi, safari hii mbele ya jeshi la Babeli, na tunaisoma pamoja na barua za vigaeni zilizofukuliwa huko mwaka 1935.