Misumari ya nchi sita mpaka Mang'ola

Tulitoka Arusha saa kumi na moja alfajiri na Noah ya kukodi, siti za nyuma zimetolewa zote, magodoro kumi na mbili juu ya keria yamefungwa kamba kama mbuzi wa mnadani, ndani mimi, mweka hazina wetu na maboksi. Dereva alikuwa kijana wa Karatu, Mwiraqw, na kabla hatujafika Kisongo alishatuambia kwamba hii gari haijapenda huu mzigo.

Niseme tu mapema, sisi hatuna ofisi wala muhuri. Ni watu kumi na moja tuliokuwa tunacheza mchezo, ule wa kupokezana hela kila mwezi, afu mmoja wetu aliyewahi kufundisha huko Eyasi akatuambia habari za watoto wa bweni wa Kihadzabe, lile kabila dogo la wawindaji na wachimba mizizi wa kando ya Ziwa Eyasi, bas tukaanza kutoa elfu tano tano pembeni. Huu ni mwaka wa tatu.

Makuyuni tukakata kulia, Mto wa Mbu tukanunua ndizi nyekundu (siwezi kupita pale bila hizo ndizi, mnisamehe), tukapanda ule ukuta wa bonde la ufa Ziwa Manyara likiwa chini kushoto linang'aa, gari inalia, na mimi nasali. Karatu chai na chapati. Lami yetu ikaishia hapo. Kutoka pale kwenda Mang'ola ni vumbi, vumbi lile laini kama unga wa sembe linaloingia mpaka kwenye meno, na ukianza kushuka kuelekea Ziwa Eyasi unapigwa na harufu ya vitunguu kabla hujaona nyumba hata moja. Mang'ola ni vitunguu. Chemchem zinatoka kule juu, mifereji kila mahali, magunia yamepangwa barabarani, watu wametoka Tanzania nzima kuja kulima. Sa ukiona hivyo unasema maendeleo, na kweli ni hela, ila yale mashamba ndo mapori ambayo Wahadzabe walikuwa wanachimba mizizi na kufuata asali. Upande wa Yaeda, Mbulu, angalau mwaka 2011 Wahadzabe walipata hati za kimila za ardhi yao. Huku upande wa vitunguu mambo ni magumu zaidi, na wao wenyewe wote kwa jumla ni kama elfu moja na kidogo, hawajai hata uwanja wa mpira.

Shuleni tulipokelewa na mwalimu wa zamu na kundi la watoto wakaubeba mzigo kabla hatujasema kitu. Viatu pea arobaini, madaftari, sabuni za mche, pedi, mashuka. Ada na michango ya lazima ilishafutwa lakini mtoto wa bweni anahitaji godoro, ndoo na sabuni, na mzazi anayeishi kwa mizizi na ubuyu hela ya sabuni anaitoa wapi? Hapo ndo elfu tano zetu zinapoingia.

Kuna binti, nadhani wa darasa la pili, tukampa viatu, akavishika, akavinusa, akafunga kamba mbili pamoja akavining'iniza shingoni, akaondoka peku anakimbia. Mweka hazina akataka kumwita arudi avivae tupige picha. Nikamwambia mwache.

Mwalimu huyo wa zamu alikuwa muwazi toka safari ya mwaka jana. Akasema dada, viatu asante sana, ila shida yangu mimi sio viatu, shida yangu ni wanaondoka. Mtoto anakuja la kwanza anajua Kihadzabe tu, Kiswahili anakijulia hapa hapa, akikosea wenzake wanamcheka, wanaigiza ile sauti ya ulimi kugonga kaakaa, maana lugha yao ina hizo sauti ndani ya maneno na wengine wanaona ni kichekesho. Anavumilia wiki mbili, tatu. Afu msimu wa asali au matunda ukifika, asubuhi unahesabu vitanda unakuta sita vitupu. Wametembea usiku. "Na mimi nikiwafuata," akasema, "nawakuta wamenenepa." Tukacheka wote lakini nyie fikirieni hiyo kauli.

Kwa hiyo mwaka jana, badala ya kuongeza madaftari, tulikubaliana na walimu tulipe vitu viwili tu vya ziada. Nauli na msindikizaji watoto waende kwao likizo na warudi, na unga na nauli ya mzee mmoja wa Kihadzabe aje shuleni Jumamosi. Kwenye kikao chetu watu walibishana kweli, mmoja akasema sisi tunachangia elimu sio mambo ya porini. Nilikuwa upande wa huyo, nakiri.

Sasa nimeiona hiyo Jumamosi kwa macho. Mzee kaja na upinde, kakaa chini ya mbuyu nyuma ya bweni, shikamoo mzee, marahaba mama, mtana, ndo salamu ya kwao, akanifundisha kuitikia mtana, watoto wakaangua kicheko kwa nilivyosema. Akatoa vijiti viwili, kimoja kakilaza na kukikanyaga kwa unyayo, kingine akakipekecha katikati ya viganja, mikono inashuka inarudi juu, inashuka, mara moshi, mara cheche imedondokea kwenye majani makavu, kapuliza, moto huo. Hata dakika haikuisha. Watoto wa Kiiraqw na wa Kimang'ati nao wamejipanga wanataka kujaribu, na wanaowaelekeza ni wale wale wanaochekwa darasani. Yule binti wa viatu shingoni alikuwa anamsahihisha kaka wa darasa la sita jinsi ya kukanyaga kijiti, anafoka kabisa.

Akawaeleza pia habari za yule ndege anayewaongoza kwenye asali, anaita, mtu anapiga mluzi, anaruka mbele, mnafuata. Nikamuuliza kuhusu epeme, ngoma yao ya usiku usio na mwezi. Akaniangalia, akasema hiyo sio ya mchana. Nikanyamaza. Watalii wanaletwa alfajiri kambini kwao kuangalia mawindo na kulenga mishale, wanapiga picha wanaondoka, nadhani mzee ameshajua maswali ya kujibu na ya kuacha.

Tukaja kwenye misumari sasa. Shule ilituomba misumari ya nchi tatu ya kukazia vitanda vya mbao. Mweka hazina wetu, kwa ubishi wake, akanunua kilo mbili za nchi sita eti ndo imara. Fundi kapiga wa kwanza, mbao ya kitanda ikapasuka paa, kapiga wa pili, ikapasuka nyingine. Vitanda viwili vimekufa kwa msaada wetu! Ikabidi boda atumwe kununua ya nchi tatu, na ile boksi ikawekwa pembeni kwa aibu.

Mzee akaiona. Akauliza hii ni ya nani. Akachukua msumari mmoja, akauweka juu ya jiwe, akaanza kuugonga kwa nyundo ya fundi, baridi hivyo hivyo bila moto, taratibu, anaugeuza, anaugonga, mpaka ncha ikalala bapa na kuwa na makali kama jani la mwanzi. Kichwa cha mshale. Akaulenga kwa jicho moja, akamkabidhi kijana mmoja auendeleze kwenye jiwe. Mwalimu alikuwa amesimama pale nikajua atakataza, kumbe anauliza kwa nini wasitumie nondo. Mzee akamjibu kwa Kiswahili kilichonyooka kabisa: nondo ngumu, msumari unasikia.

Tulirudi Jumapili na gunia la vitunguu miguuni na mfuko wa ubuyu, ule mweupe wa kwenye kifuu, sio huu wa kupakwa rangi nyekundu tunaokula mjini. Karibu na Makuyuni mweka hazina akatoa daftari la mahesabu, akalamba kalamu, akaandika magodoro, viatu, sabuni, mafuta ya gari, boda. Akafika kwenye misumari kilo mbili akasita.

"Hii niweke kwenye matengenezo ya bweni?"

Nikamwambia andika vifaa vya kufundishia, na mwakani ongeza kilo moja.