Maji kwenye oili ya injini ya boti: yalikopitia

Jumamosi. Nimechomoa stiki ya oili kabla ya kuwasha, kama kawaida yangu. Oili imetoka na rangi ya chai ya maziwa, tena imepita alama ya juu karibu upana wa kidole. Oili haijiongezi yenyewe, kwa hiyo ni maji. Stata sikuigusa: kama maji yameshafika kwenye silinda, hayabanwi kama hewa, na konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krankishafti, ndiyo itakayopinda. Nimefungua nozeli zote, zile zinazonyunyiza mafuta kwenye silinda, na kuizungusha injini kwa spana, mizunguko miwili kamili. Hakuna tone lililoruka. Hapo nikapumua.

Oili kidogo ya chini ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, nimeiweka kwenye chupa ya kioo ilale.

Jumapili. Maji yamejitenga chini ya chupa. Swali ni moja tu: ni kulanti, yaani maji ya kupozea yanayozunguka ndani ya injini, au maji ya bahari? Wengi wakiona oili nyeupe hukimbilia kufungua silinda hedi, kifuniko cha juu ya silinda, na naona wanajitia gharama bure. Injini hii inapozwa kwa kulanti, na maji ya bahari yanapita kwenye kipoza tu, kuondoa joto la kulanti, kisha yanatokea ekzosi. Kulanti kwenye tangi haijapungua, iko palepale nilipotia alama. Nikachukua maji ya chini ya chupa, nikayachemsha kwenye kijiko mpaka yakakauka. Yakaacha ukoko mweupe wa chumvi.

Basi ni bahari. Ekzosi nimeiondolea lawama, maana silinda ni kavu na vali ya kuvunja mvuto wa maji, ile inayozuia bahari isinyonywe kurudi injini ikizimwa, inafunguka vizuri. Kipoza cha oili injini hii haina. Imebaki pampu ya maji ya bahari, ambayo imefungwa moja kwa moja kwenye kava la gia za mbele.

Nimeishusha. Kati ya sili ya maji na sili ya oili, pete za kuzuia uvujaji kwenye shafti, kuna kitundu kinachotazama chini. Kazi yake ni kudondosha maji nje sili ikichoka, mwenye boti aone mapema. Hiki kilikuwa kimezibwa na chumvi iliyoganda juu ya rangi ya zamani. Nilipokichokoa kwa waya, maji ya kahawia yakachuruzika mkononi. Shafti imelika mfereji pale sili inapokaa, ukucha unanasa kabisa. Maji yalikosa njia ya kutoka, yakasukumana na sili ya oili hadi ndani ya injini. Kitundu kidogo namna ile!

Shafti mpya, beringi mpya, sili zote mbili mpya. Sikutaka oili yenye chumvi ilale humo hata usiku mmoja zaidi, beringi za krankishafti zingeanza kutu. Nimeimwaga, nikaweka filta na oili ya bei nafuu, nikaiwasha injini hadi ikapata moto, nikamwaga tena, hivyo hivyo mara tatu. Mara ya kwanza ilitoka ya kijivu, ya pili imefifia, ya tatu safi. Ndipo nikatia oili yake halisi na filta nyingine.

Chini ya kitundu nimebandika karatasi nyeupe. Saa moja ya kuendesha imepita, bado kavu.