Wiki Mbili za Kupiga Magoti Vindolanda

Barua moja ndiyo iliyonipeleka Vindolanda. Iliandikwa karibu mwaka 100 baada ya Kristo, kwa wino, juu ya vibao vya mti vyenye unene wa milimita chache tu. Humo Claudia Severa anamwalika rafiki yake Sulpicia Lepidina, mke wa kamanda wa ngome, aje kwenye siku yake ya kuzaliwa. Sehemu kubwa iliandikwa na karani, lakini mwishoni Claudia alishika kalamu mwenyewe akaongeza salamu zake. Ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi ya Kilatini yanayojulikana kuwa ya mkono wa mwanamke. Nilisoma tafsiri yake mara nyingi, nikatamani kuiona ardhi iliyoihifadhi.

Vindolanda ni ngome ya Warumi kaskazini mwa Uingereza, kusini kidogo ya Ukuta wa Hadrian, ukuta mrefu waliojenga kulinda mpaka wao. Ili ujitolee kuchimba pale huhitaji shahada ya akiolojia. Unahitaji kuwahi, kwa sababu nafasi za msimu hutolewa miezi mingi kabla na hujaa upesi. Mwaka wa kwanza nilichelewa, nikakosa. Mwaka uliofuata nilijaza fomu siku ileile ya kufunguliwa, nikapata wiki mbili. Ada niliyolipa ilikuwa ya kuchimba tu. Nauli, malazi na chakula vilikuwa juu yangu, na nilikuwa nimeviwekea akiba mwaka mzima.

Viza ndiyo iliyoniumiza kichwa, na hapa ninamsihi mwenye nia asome masharti yote kabla ya kulipa chochote. Mgeni wa matembezi nchini Uingereza anaruhusiwa kujitolea kwa siku zisizozidi 30, kwa shirika la hisani lililosajiliwa, na kujitolea kwenyewe kusiwe ndilo lengo kuu la safari. Mimi nilikuwa nimepanga kuufuata Ukuta kwa miguu mwanzo hadi mwisho, njia ya kilomita 135 hivi, kisha niende makumbusho ya British Museum, London, kuiona barua ile na nyingine zilizochimbuliwa Vindolanda. Niliyaeleza hayo yote kwenye maombi, pamoja na zile wiki mbili, bila kuficha neno.

Kazi yenyewe nilidhani ni jembe na sepeto. Vilikuwepo, na toroli nimeisukuma sana, lakini muda mwingi nilikuwa nimepiga magoti na mwiko mdogo kama ule wa fundi mwashi, nikikwangua udongo kidogo kidogo. Siku ya pili niliona kigae chekundu kinachong'aa kimechungulia ardhini. Nikakishika, nikakivuta. Kikakatika mkononi.

Msimamizi wetu hakunigombeza. Alichuchumaa kando yangu, akanionyesha ukuta wa mtaro: udongo wa kahawia, chini yake wa kijivu, katikati mstari mwembamba wa majivu. Kigae kilikuwa kwenye ule wa kijivu, na kipande kilichobaki ndani ndicho pekee kilichoweza kuthibitisha hilo. "Usikivute," akasema. "Ondoa udongo unaokizunguka mpaka kilegee chenyewe." Niliumia moyoni siku nzima, maana nilikuwa nimesafiri mbali kuja kuhifadhi vitu hivi.

Wiki ya pili nilipelekwa kwenye mtaro wa kina zaidi, ambako udongo ni mweusi, umelowa, na una harufu ya kinamasi. Warumi walijenga hapo ngome juu ya ngome, zisizopungua tisa, na walipobomoa ya zamani walisawazisha kwa udongo na kujenga nyingine juu. Hewa ikazibwa chini. Pasipo oksijeni, bakteria waozeshaji hushindwa kazi, na ndiyo maana mbao, ngozi na zile barua zimedumu karibu miaka 2,000.

Alhamisi asubuhi mwiko wangu uligusa kitu laini. Niliuweka chini, nikaendelea kwa vidole. Ukatokea ukingo wa ngozi nyeusi inayoteleza, kisha matundu ya sindano yaliyopangwa mstari, kisha vichwa vya misumari midogo vilivyoshika kutu. Nilikaa nayo karibu saa nzima, nikiondoa udongo pembeni tu, bila kuigusa, hadi ikalegea yenyewe. Ilikuwa soli ya kiatu, fupi kuliko kiganja changu. Cha mtoto. Kisigino kilikuwa kimelika upande mmoja.

Nilijua kwamba maelfu ya viatu yamepatikana Vindolanda, na vya watoto vimo. Hata hivyo machozi yalinilengalenga. Kuna aliyekivaa hiki akakimbia nacho mpaka kikalika.

Soli haikutakiwa kukauka, kwani ngozi ya namna hiyo ikikauka hujikunja na kupasuka. Tuliiweka kwenye chombo chenye maji, nikaandika lebo: namba ya mtaro, tabaka, tarehe. Mkono ulikuwa ukinitetemeka, herufi hazikusomeka vizuri. Nikachukua lebo nyingine, nikaandika upya, polepole.